Sikuwauliza Wanawake wa Kambi

Godeliva mwanangu,

Ni Jumapili, saa nane ya mchana. Umekwenda kuwaaga masista, na mama yako yuko uani anapiga pasi nguo zako kwa mara ya pili ingawa zilinyooka tangu jana. Habari za blanketi, za kwinini na za kutokaa karibu na dirisha wakati gari moshi linatoa cheche sitaziandika. Mama yako amekwisha kukuambia zote, na kesho atazirudia stesheni mbele za watu. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba kwa wiki nne, hata ofisini wananiuliza kama nina malaria.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee Umba wa Bukama, ambaye utakaa kwake miaka miwili ya shule yako ya ukunga, si babu yako. Sajini Banza, kaka yake, ambaye picha yake iko ukutani mwetu na medali yake umeisugua kwa majivu tangu utotoni, hakunizaa. Nimejua hivyo mwezi huu, nikiwa na mvi kichwani. Nilimwandikia Mzee Umba kumweleza, na mpaka saa hii hajajibu. Kwa hiyo kesho ninakupandisha garini kwenda kwa watu ambao sijui kama watakupokea.

Unanijua, siwezi kueleza kitu bila kuanzia mbali. Nivumilie.

Nilizaliwa katika kambi ya askari, kabla ya ile vita ya Wazungu iliyowapeleka askari wetu hadi Tabora. Kambi ya siku hizo haikuwa ya wanaume peke yao. Kila askari alikuwa na mke, na mke ndiye aliyetwanga, aliyepika, aliyebeba sufuria safarini. Posho ilitolewa kwa jina la askari. Askari akifa, mjane wake alikuwa na njia mbili: kurudi kwao, au kuchukuliwa na askari mwingine. Wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Bibi yako, mama yangu, alichukuliwa kwao akiwa msichana mdogo kuliko wewe, na hakujua hata upande gani wa jua ulikuwa na kijiji chake. Mjane wa namna hiyo alihama nyumba, kutoka mlango mmoja hadi mlango wa tatu au wa nne, na watoto wake wakaandikwa katika kitabu cha jeshi cha bwana mpya. Haikuwa siri wala aibu. Ndivyo watu walivyoishi. Lakini kitabu hakikueleza hayo. Kitabu kiliandika tu: mke, fulani, mtoto, fulani.

Mimi niliandikwa katika kitabu cha Banza, ambaye alikufa nikiwa mtoto wa shule, bila kunisimulia habari za kwao. Ndicho kitabu nilichokuta ndani ya sanduku la mama yangu alipougua ugonjwa wake wa mwisho, pamoja na medali. Wewe ulikuwa na miaka saba. Nikasema, nitatafuta habari zote za askari huyu, kambi zake, safari zake, maafisa wake, ili watoto wangu wasiwe kama majani yaliyoota njiani. Hapo ndipo lilipoanza lile daftari jeusi la ukoo ambalo umeninakilia kurasa zake kwa mwandiko wako mzuri kuliko wangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa namna ya kuuliza. Unaikumbuka ile siku ya kila mwaka ambapo wazee wa jeshi huvaa makoti yao na kwenda kuweka maua, kisha hukusanyika mtaa wa Kamalondo kunywa. Nilikuwa nikiwafuata huko na daftari, kalamu mbili na tai shingoni. Nilikaa nao kama ninavyokaa ofisini. Mzee akifika mbele yangu, namwuliza jina, namba, kikosi. Nao wakanijibu kama walivyofundishwa kumjibu mtu mwenye kalamu. Walisimama wima, mikono mapajani, wakanisomea kilichoandikwa katika vitabu vyao. Kwa miaka kumi nilikusanya maneno ya vitabu kutoka midomoni mwa watu, nikadhani nakusanya kumbukumbu.

Mwaka mmoja nilimkalisha Papa Mwamba, yule koplo aliyechechemea, aliyekuwa akikupa miwa. Alikuwa kambi moja na Banza. Alinitazama kalamu, akanitazama uso.

“Bwana Karani,” akasema, “weye unataka ya mu kitabu, ao unataka ya kweli?”

Wenzake wakacheka. Mimi nilidhani ni mzaha wa pombe.

“Ya mu kitabu njo ya kweli,” nikamjibu.

“Aya. Andika basi.” Akasimama wima, akaanza kuimba namba yake.

Mwenzake akamvuta koti. “Mwamba, kaa chini! Huyu haiko komanda. Ni mutoto ya Banza.”

“Mutoto ya Banza,” akasema Papa Mwamba polepole. “Ee. Ni vile iko mu kitabu.”

Niliandika namba yake bila kukosea tarakimu hata moja. Maneno yake mengine sikuyaandika. Mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kufa.

Kosa la pili ni zito zaidi, na hili sijamwambia hata mama yako. Bibi yako alipokuwa amelala mgonjwa, wiki yake ya mwisho, nilikuwa nikikaa naye jioni baada ya kazi. Siku moja aliniambia, “Banza alikuwa baba muzuri kwako.” Nikasema ndiyo. Akanigeuzia uso, akasema, “Lakini mbele ya Banza...” Alikuwa akihema kwa taabu. Nikamshika mkono, nikamwambia, “Mama, usijichoshe. Mambo ya Banza yote yameandikwa.” Akanitazama, akafumba macho. Hakulirudia tena. Mwanangu, nilidhani namhurumia. Siku hizi nikiwa ofisini natafuta faili, sauti ile inanijia, “mbele ya Banza”, yaani kabla yake, na mkono wangu unasimama ndani ya kabati.

Hata wewe uliniambia. Ulikuwa na miaka kumi, unanakili ukurasa wa kitabu cha sajini, ukaniuliza, “Baba, kwa nini kitabu chote ni wino mweusi, ila mama yako na wewe mmeandikwa pamoja kwa wa buluu?” Nikakueleza, maana mimi hueleza kila kitu, kwamba karani wa kambi bila shaka alimaliza kidau kimoja akafungua kingine. Ukakubali kwa sababu mimi ni baba yako. Swali lako lilikuwa sawa: mke na mtoto anayezaliwa baadaye hawaandikwi siku moja. Jibu langu ndilo lilikuwa la mtu asiyetaka kusumbuliwa. Na kulikuwa na jambo jingine: Banza hakunipa jina la baba yake, ingawa kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu bila mjadala. Aliniacha na jina la ubatizo tu, na lake mwenyewe, Banza, la kuandikia shuleni. Katika daftari niliandika kwamba aliathiriwa na mafundisho ya mapadre. Banza! Mtu ambaye hata Pasaka ilibidi mama amsukume kwenda kanisani.

Sasa sikiliza Bukama ilivyoingia. Nilipopata jina la kijiji chake katika kitabu, nilichukua likizo nikaenda, wewe ukiwa bado shule ya msingi. Nilivaa medali ya Banza kifuani. Nilimkuta Mzee Umba na kaka yao mkubwa aliyekuwa hoi. Walilia, wakanishika kichwa, wakachinja mbuzi. Siku tatu baadaye yule kaka mkubwa akafa nikiwa palepale. Kwao wana wa damu hunyolewa nywele pamoja, wakikaa mstari mmoja, na mkwe au rafiki hakai mstari ule hata akiwa mtu mkubwa namna gani. Mzee Umba akanishika bega akaniketisha kati ya wanawe. Wembe uleule ukatoka kichwa cha mwanawe ukaja kwangu. Nilirudi nyumbani na upara, mkanicheka sana, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Ndipo nilipoandika kwa herufi kubwa katika daftari: TUMEPATIKANA.

Niliketi mahali pasipo pangu. Sikudanganya, nilikosea. Lakini wao watayatofautishaje hayo mawili?

Wiki nne zilizopita, wewe ukiwa kwa fundi cherehani kupimwa sare, Mama Faila aliingia uani. Yule Mama Faila wa karanga, Mwislamu wa Maniema, nyumba ya tatu baada ya kona. Alikuwa amesikia unasafiri, amekuletea kitambaa. Mama yako alimpa kiti.

“Mutoto anaenda wapi?” akauliza.

“Bukama, Mama Faila,” nikasema. “Kwa babu zake.”

“Babu gani?”

“Ndugu za Banza.”

Akakunja kitambaa, akakikunjua. “Banza alikuwa muntu muzuri. Njo alikulea. Lakini kukuzala, hapana. Mwenye kukuzala tulimuzika weye ukiwa bado mu mugongo.”

“Mama Faila, unasema nini?” mama yako akasema.

“Minasema kintu yenye siye bote tunajua.”

“Siye bote nani?”

“Siye bibi ya kambi, wake ya askari.”

Nilisimama. Nilimwuliza kwa sauti ya hakimu, na ninaona haya kuikumbuka, kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

“Uliniuliza?” akasema. “Kila mwaka unapita pa mulango yangu na daftari mu kwapa, unaenda kwa bale bazee ya pombe. Kwangu unanunua karanga tu, unaenda. Nikajisemea, Donati ni muntu wa masomo, labda anajua.”

Nikaketi. Nikamwuliza mtu huyo alikuwa nani. Hakujua jina. Askari wote walimwita Muzande, kwa sababu alitoka kule juu Uele na alikuwa peke yake wa kabila lile kambini. Alikuwa mrefu. Alikufa kwa kuhara damu, wakati wa mvua. “Na alikuwa anaimba,” Mama Faila akasema, akaanza kucheka hata akajifuta macho. “Anaimba mubaya! Mama yako alikuwa anamutupia maganda ya mihogo anyamaze.”

Mama yako naye akacheka. Mimi sikuweza. Nimetumia miaka kumi kumtafuta baba, na kitu cha kwanza nilichopewa kumhusu ni maganda ya mihogo.

Kwa kuwa mimi ni mimi, nilikwenda kuhakikisha. Wamebaki wanawake wengine wawili wa kambi ile. Mmoja analima Kasungami, nje ya mji, mwingine anakaa na mjukuu wake Kamalondo. Safari hii sikuchukua daftari. Nilikwenda kwa kila mmoja peke yake, nikakaa mpaka nikapewa chakula, na sikuwaambia alichosema mwenzao. Nikauliza tu nani aliishi na mama yangu kabla ya Banza. Wote wawili walianza na uimbaji. Yule wa Kasungami hata alinionyesha alivyokuwa akipandisha kichwa. Kisha akanitazama jinsi nilivyokaa, akasema, “Migulu njo yake.” Miguu ni yake. Nilitembea kutoka Kasungami hadi nyumbani nikiitazama miguu yangu kama mwizi anavyotazama mali aliyoiba.

Wewe unakwenda kujifunza kazi ya kukaa na wanawake saa ambayo hawana nguvu ya kusema uongo. Utasikia mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha serikali wala cha misheni. Sikuagizi uyaandike. Nasema tu kwamba mimi nilipewa masikio yaleyale nikayaziba kwa kalamu.

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la uaminifu au la woga. Nilimwandikia Mzee Umba. Mama yako alinikataza.

“Baba Godeliva, weye na makaratasi yako!” akasema. “Muzee hajui kusoma. Atasomewa na katekista, kijiji yote itasikia mbele yake. Ngoja mutoto amalize masomo, kisha uende useme kwa kinywa.”

Nikamwambia siwezi kumwacha binti yangu ale miaka miwili chakula cha watu waliodanganywa. Akanijibu kwamba chakula ni chakula. Tulinuniana siku mbili, ndiyo zile siku ulizotuuliza kuna nini tukasema ni joto. Nikaandika. Kurasa nne! Nilimweleza mzee yule habari za wino mweusi na wa buluu. Nilipoitia posta tu nikajua mama yako alisema kweli, lakini sanduku la posta halina mkono wa kukurudishia.

Tangu hapo kila gari lililofika kutoka upande ule nimekwenda stesheni, nikijifanya natazama mizigo ya ofisi. Hakuna barua. Nimewaza kila jibu. Nimewaza kwamba watakufungia mlango, nawe umesimama na sanduku lako katika mji usioujua. Nimewaza jibu baya zaidi, kwamba watakupokea kwa adabu, wakupe chumba na chakula, wasikuite mjukuu hata siku moja, nawe usijue kwa nini. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu leo. Nilikusudia kukupa bahasha hii kesho dirishani, gari likianza kuondoka, ili usipate nafasi ya kuniuliza. Unaona jinsi nilivyo.

Hapo nilikuwa nimeacha. Sasa ni saa kumi na nusu, nimerudi mezani.

Prosper amekuja, yule kijana anayefanya kazi ya breki katika gari la Bukama. Amefika na gari la leo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

“Papa Karani, niko na neno yako. Muzee Umba alikuja mwenyewe pa stesheni.”

“Ameleta barua?”

“Hapana barua. Neno tu. Anasema barua yako balimusomea mara mbili. Hana jibu ya kuandika. Anasema: aje yeye mwenyewe, na alete mutoto.”

“Basi?”

“Basi.”

Nikamwuliza kama mzee alikuwa amekasirika.

“Papa, minajua nini? Alikuwa amesimama tu.”

“Alicheka hata kidogo?”

“Alikohoa.”

“Alikohoa namna gani?”

Prosper akamgeukia mama yako kuomba msaada. “Mama, kukohoa iko namna ngapi?”

Mama yako akampa maji na viazi vitamu, akaniambia nimwache mtoto wa watu ale. Nimekaa hapa tangu wakati ule nikiyapima maneno hayo. Aje yeye mwenyewe. Mtu anaweza kusema hivyo kwa mwanawe. Anaweza pia kusema hivyo kwa mtu aliyemkosea, kabla ya kumweka mbele ya wazee. Na alete mutoto. Hakusema mjukuu wangu. Hakusema pia mutoto ya Donati. Mama yako anasema mzee wa miaka ile hatembei hadi stesheni kwa ajili ya watu anaotaka kuwafukuza. Huenda. Mimi nilikuwa na hakika kwa miaka kumi, nikakosea, kwa hiyo leo sina hakika na chochote.

Ninakwenda. Nilikuwa nimeomba ofisini siku chache za kukusindikiza na kumtuliza mama yako, basi siku hizo zitatumika garini. Mama yako ametoa shati langu jeupe, analipiga pasi pamoja na sare zako. Medali sitaivaa. Nitaichukua ndani ya kitambaa, nimrudishie mzee mkononi, na akitaka kuniwekea tena kifuani ni shauri lake. Kama kuna kukemewa, nikemewe mimi. Wewe hukuandika daftari lile, ulinakili tu.

Lakini siwezi kukuambia haya kwa kinywa. Nimejaribu mara tatu wiki hii, na mara zote nimeishia kukueleza habari za mvuke na reli. Kwa hiyo bahasha hii nitakupa baada ya kupita stesheni ya Tenke, watu wakiwa wamepungua kwenye mabenchi. Nitakuwa nimeketi mbele yako, nikitazama nje. Soma polepole. Usinifariji, na usinijibu upesi kwa sababu ya heshima.

Ukimaliza utakuwa na muda mrefu wa kufikiri kabla ya Bukama. Ukiona ni afadhali nishuke peke yangu nimwone mzee kwanza, nawe ungojee stesheni na mizigo mpaka nirudi kukuita, baki hapohapo ulipo. Sitauliza, na sitakuona mwoga. Ukitaka twende kwake sote wawili, inuka uje ukae upande wangu.

Ni mimi baba yako,
Donati